Uyoga Mweusi wa Magogoni: Kuloweka na Kupika kwa Usalama

Katika mapishi ya China, uyoga unaoota kwenye magogo na kuitwa mu'er, ambao ni mweusi, mwembamba na wenye umbo la sikio, huuzwa aghalabu ukiwa mkavu, kwani ukikaushwa hukaa muda mrefu bila kuharibika, na ukitiwa maji huvimba mara kadhaa. Ladha yake ni hafifu. Kinachopendwa ni jinsi unavyolia chini ya meno, na ndiyo sababu wapishi wa Sichuan huuchemsha, huuchuja na kuuchanganya na siki nyeusi, kitunguu saumu, pilipili na giligilani.

Hatari kubwa haimo katika uyoga wenyewe, bali katika bakuli la kulowekea. Uyoga ukiachwa majini siku nzima au zaidi katika joto la jikoni, bakteria aitwaye Burkholderia gladioli anaweza kuzaliana na kutoa asidi ya bongkreki, sumu isiyo na rangi wala harufu, inayozuia mitokondria, yaani viungo vidogo vya seli vinavyozalisha nguvu, kuitoa nguvu hiyo ili mwili uitumie. Lililo zito kuliko yote ni kwamba kuchemsha hakuiondoi sumu hii, kwa hiyo mpishi aliyekosea wakati wa kuloweka hawezi kujirekebisha kwa moto. Wala si balaa la Asia peke yake: mwaka 2015, huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji ambayo uchunguzi ulikuja kuikuta na sumu hiyo hiyo.

Uyoga uoshwe, ulowekwe kwa saa moja au mbili tu katika maji safi, kisha ukatwe vikonyo vigumu na uchemshwe dakika kadhaa kabla ya kutiwa viungo. Uliolainika lakini hauhitajiki bado uwekwe kwenye jokofu na utumiwe siku hiyo hiyo. Ulioanza kuteleza kama kamasi au kunuka utupwe pamoja na maji yake, hata kama gharama yake inauma, ingawa kutokuwa na dalili hizo si uthibitisho wa usalama. Usiliwe bila kupikwa, kwa maana mwaka 2020 uyoga huu mkavu ulisambaza salmonela, bakteria wa kuharisha, nchini Marekani.

Kwa kuwa uyoga huu hupunguza uwezo wa damu kuganda, jambo lililoelezwa na daktari Dale Hammerschmidt mwaka 1980, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari wake kabla ya kuula kwa wingi.

Mtu anayeumwa tumbo, kutapika, kupata kizunguzungu au kugeuka macho kuwa ya njano baada ya kuula apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa asidi ya bongkreki haina dawa ya kuitangua na huharibu ini upesi. Mabaki ya chakula yabebwe ili wahudumu wayapime.