Kibao Kipya na Yule Akishikaye

Zamani mtoto aliyekwenda shule alichukua kibao cha jiwe jeusi kiitwacho sleti, pamoja na kalamu yake. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Sleti haikusema neno wala haikuuliza swali. Kazi ya kufundisha ilikuwa ya mwalimu peke yake. Siku hizi kiko kibao cha namna nyingine, nacho huitwa kishikwambi. Hapa kwetu Songea, kama katika nchi nzima, watu walikiona mikononi mwa makarani wa sensa waliokuja kutuhesabu mwezi wa Agosti 2022. Kazi ile ilipokwisha, vishikwambi hivyo walipewa walimu.

Ukikitazama, kishikwambi ni kioo bapa tu. Kinachokipa kazi ni programu, yaani amri nyingi zilizopangwa kwa taratibu, ambazo kifaa huzifuata moja baada ya moja. Kikitiwa programu ya maswali ya sensa, huwa daftari la karani. Kikitiwa programu nyingine, huwa kitabu, au ramani, au mwalimu wa hesabu. Basi leo tujifunze jinsi impasavyo mtengenezaji wa programu kufikiri kabla hajaandika hata amri moja.

Karani wa sensa alijua kusoma, tena alikuwa amefundishwa kazi yake. Lakini je, kishikwambi kikipewa mtoto asiyejua herufi hata moja, wala hajapata kushika kifaa cha namna hiyo, atafanyaje? Ukimwandikia "Bonyeza hapa," hatasoma. Ukimwandikia "Umekosea," hatajua. Fumbo hili lilijaribiwa katika nchi yetu, mkoani Tanga.

Mwaka 2014 shirika la Marekani liitwalo XPRIZE lilitangaza shindano. Washindani walitakiwa kutengeneza programu ambayo kwayo watoto wataweza kujifunza wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu katika muda wa miezi 15. Fedha za zawadi zilitolewa na tajiri Elon Musk. Vikundi vingi vya nchi mbalimbali vilijiandikisha, na mwaka 2017 vilibaki vitano. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani zikasaidia jaribio lenyewe, na kampuni ya Google ikatoa vishikwambi. Mwisho wa mwaka 2017 watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 wakapewa vifaa hivyo. Vijijini humo viliwekwa vituo vya kuvitia nguvu kwa mwanga wa jua, maana kifaa kilichokwisha umeme ni sawa na sleti iliyovunjika.

Watengenezaji walifanyaje? Kwanza, maelezo hayakuwa ya kuandikwa, bali ya sauti ya mtu asemaye Kiswahili. Pili, mtoto alionyeshwa picha na kujibu kwa kidole. Tatu, somo lilikatwa vipande vidogo, na mtoto aliyekosea aliweza kurudia bila kuchekwa na mtu. Nne, programu haikutegemea intaneti wakati mtoto alipokuwa akisoma, kwa kuwa vijiji vile vilikuwa mbali.

Mwezi wa Mei 2019 vikundi viwili vilishinda, vikagawana zawadi kubwa ya dola milioni 10. Kimoja ni Kitkit School, kilichoongozwa na mama wa Korea aitwaye Sooinn Lee. Mama huyu alikuwa mtengenezaji wa michezo ya kompyuta. Alipopata mtoto mwenye ulemavu, alianza kutengeneza programu za kujifunzia, kwa maana alitaka mtoto wake naye aweze. Cha pili ni onebillion cha Uingereza, ambacho hapo kabla kilikwisha kufanya kazi na watoto wa Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kwa lugha ya Kichewa. Mnaona? Wote wawili walikwisha kukaa karibu na watoto wasiosaidiwa na vifaa vya kawaida. Wahenga walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini tusidanganyike. Kabla ya jaribio, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 hesabu hiyo ilipungua kwa nusu. Ni faida kubwa kweli, maana wengi wao hawakuwa wameingia shuleni kamwe. Walakini ile nusu iliyobaki yatuambia kwamba kioo hakijui kwa nini mtoto analia, wala hakimfuati nyumbani asipokuja. Kazi hiyo ingali ya mwalimu.

Kishikwambi hushikwa mkononi. Viko na vifaa vya kuvaliwa. Saa zihesabuzo mapigo ya moyo ni za namna hii. Kioo chake ni kidogo kama sarafu, na mvaaji huenda yumo mbioni. Kwa hiyo programu yake humpa neno moja tu, au humshtua kwa kutetema. Hata mnyama aweza kuvaa kifaa. Katika Kenya, kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, alikuwako tembo dume aitwaye Kimani aliyezoea kuvunja mashamba. Wenzake watano wenye tabia hiyo walikuwa wamekwisha kuuawa kwa risasi. Watu wa shirika la Save the Elephants wakamvika Kimani mkanda shingoni, wenye kifaa kijuacho mahali alipo, na ndani yake laini ya simu. Habari zake zilienea mwaka 2008. Kila alipoukaribia mpaka wa mashamba, ujumbe ulifika katika simu ya askari wa wanyama, nao wakaja kwa gari na taa wakamrudisha. Tembo hawezi kubonyeza kitu. Basi programu ilipaswa kuangalia yenyewe, kupima yenyewe, na kuita watu yenyewe. Hivyo mahindi ya wakulima yakapona, na Kimani naye akapona.

Ninyi wa mkoa wa Ruvuma mnajua hasara ya tembo shambani. Basi kijana wa Hanga atakaye kuwa mtengenezaji wa programu asianze na kifaa. Na aanze na yule atakayekishika au kukivaa: anajua nini, hajui nini, mikono yake ina kazi gani, na umeme ataupata wapi.

MASWALI
1. Sleti na kishikwambi vinafanana kwa nini? Vinatofautiana kwa nini?
2. Kwa nini maelezo ya programu za Tanga yalikuwa ya sauti?
3. Taja faida ya jaribio lile, na upungufu wake.
4. Mkanda wa Kimani ulifanya kazi gani ambayo mwenyewe hakuweza kuifanya?
5. Zoezi: Bibi yako hajui kusoma, naye ataka kujua bei ya mahindi mjini Songea. Chora katika karatasi kioo cha kishikwambi kitakachomfaa, kisha umwonyeshe. Akishindwa kukielewa, usimlaumu, kichore upya.