Muhogo Kwenye Pipa, Figo Kwenye Barafu

Kama umekulia Kasulu, Kibondo au popote katika nchi ya Waha, hili huhitaji kufundishwa: muhogo mchungu hauliwi hivi hivi. Unamenywa, unalowekwa kwenye pipa au kwenye dimbwi kando ya kijito, unaachwa siku tatu, nne, hata tano kukiwa na baridi. Ukipita karibu unaziba pua. Juu ya maji kuna povu. Siku ya mwisho bibi anaingiza mkono, anabonyeza kipande kwa kidole gumba. Kikibonyea kama embe bivu, tayari. Kikiwa kigumu anasema, "Bado huo, uacheni." Kisha unatolewa, unaanikwa, unasagwa, na jioni ugali uko tayari.

Sasa swali. Nani aliulainisha muhogo? Usiniambie ni maji. Mizizi hiyo hiyo ilikaa ardhini masika yote, udongo umelowa chepechepe, na haikulainika.

Waliofanya kazi ni bakteria. Wengine walikuwa kwenye maganda, wengine kwenye maji, wengine pipani tangu muhogo wa wiki iliyopita. Na wameifanya chini ya maji, mahali ambapo oksijeni ni kidogo mno au haipo kabisa. Wewe ukizamishwa pale dakika tano tu tunakuzika. Wao wanashiba na kuzaana. Wanawezaje?

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza kwenye mtihani, na kosa si lao peke yao, neno "upumuaji" lenyewe linatuchanganya. Kuvuta na kutoa hewa kwa mapafu ni jambo moja. Upumuaji wa seli ni jambo lingine: ni jinsi seli inavyotoa nguvu kwenye chakula. Bakteria hana pua wala mapafu, lakini huo upumuaji wa pili anao.

Umewahi kuona watu wakizima moto kwa kupasiana ndoo? Wamepanga mstari kutoka mtoni hadi penye moto, kila mmoja anapokea na kumpa mwenzake. Ndani ya seli mambo ni kama hayo, ila kinachopasianwa ni elektroni zilizotolewa kwenye sukari. Kila zinapopita mkono mmoja hadi mwingine, seli inachuma nguvu kidogo na kuiweka kwenye ATP, ambayo ndiyo fedha taslimu ya mwili. Mtu wa mwisho kwenye mstari anazimwaga kwa oksijeni, nayo inageuka maji. Kazi ya oksijeni ni hiyo tu, kupokea mwishoni. Lakini isipokuwepo, ndoo zinarundikana na mstari mzima unasimama.

Angalia hesabu. Glukosi moja ikitumika hadi mwisho kwa oksijeni hutoa ATP kama 30 (vitabu vya zamani vinaandika 36 au 38, usigombane na mwalimu kwa hilo). Bila oksijeni unapata 2.

Bakteria wa pipani wanajitoaje? Wengi wanatumia ujanja rahisi: wanaurudisha mzigo pale pale ulipotoka. Elektroni zinarudishwa kwenye mabaki ya sukari yenyewe, na mabaki hayo yanageuka asidi ya laktiki. Ndiyo sababu ya ule uchachu. Faida ni ndogo, kwa hiyo wanalazimika kula sana na haraka. Hamira anafanya karibu hivyo hivyo, ila yeye anatoa kilevi badala ya asidi. Waulize wanaopika pombe ya ndizi. Hamira lakini ni fangasi, si bakteria.

Wapo wengine wanaotafuta mpokeaji mwingine mahali pa oksijeni. Wa matopeni hutumia salfeti, na hapo ndipo inapotoka harufu ya yai viza. Wengine hutumia nitreti na kuigeuza nitriti. Hao wa nitreti wakumbuke, tutakutana nao tena mahali usipopategemea.

Turudi kwenye muhogo, maana kuna hatari pale. Muhogo mchungu una kitu kinachoitwa linamarini. Ndani ya mzizi mzima kimefungiwa mbali na kimeng'enya chake. Bakteria wakishavunja ile gundi inayoshikilia seli za muhogo, viwili hivyo vinakutana na sumu ya sayanaidi inatoka. Sehemu inaishia kwenye maji, sehemu inaruka hewani wakati wa kuanika. Kwa hiyo bibi alipobonyeza kwa kidole gumba alikuwa akiuliza kama sumu imetoka, ingawa hakutumia maneno hayo.

Na sayanaidi inaua kwa namna gani? Inamshika mkono yule mtu wa mwisho kwenye mstari wa ndoo. Mapafu yamejaa hewa, damu imejaa oksijeni, lakini seli hazina uwezo wa kuipokea. Ni kama kufa kiu huku umesimama mtoni.

Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, kulikuwa na ukame. Mazao mengine yalikauka, muhogo mchungu ukabaki. Wenye njaa hawakungoja. Walifupisha siku za kuutengeneza. Kisha watu wakaanza kupooza miguu yote miwili ghafla, wengi wao watoto na kina mama. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina la Kiyaka, na Daktari Trolli aliuandika huko Kongo mwaka 1938. Miguu iliyopooza kwa konzo hairudi kama zamani. Mwili wetu una njia yake ya kuondoa sayanaidi kidogo, ila unahitaji salfa inayotokana na protini. Ndiyo maana ugali wa muhogo na maharage, au na dagaa wa Ziwa Tanganyika, si sawa na ugali wa muhogo mtupu mwezi mzima.

Basi tuwaache bakteria kidogo. Jaribu hili sasa hivi, hata kama uko darasani. Nyoosha mkono mmoja juu, mwingine uuache uning'inie. Fumba na fumbua viganja vyote viwili kwa kasi, dakika moja. Upi umechoka kwanza? Ule wa juu, sivyo? Damu inaufikia kwa shida, oksijeni inapungua, na misuli inaanza kuchacha kama muhogo wako: inatengeneza asidi ya laktiki na kuishi kwa ATP zile 2. Kumbe hata sisi tunaweza! Naam, lakini kwa dakika chache tu, tena misuli. Figo haiwezi.

Figo zako mbili hazifiki asilimia 1 ya uzito wako, lakini zinapokea kama sehemu moja kwa tano ya damu yote inayotoka moyoni. Kwa siku zinachuja kama lita 180 na kuzirudisha karibu zote mwilini. Wewe unakojoa lita moja na nusu hivi. Kurudisha huko ni kazi ya pampu ndogo ndogo ndani ya seli, zinazosukuma sodiamu usiku na mchana kwa ATP. Seli zenye kazi kubwa zaidi ndizo zisizojua kabisa kuishi kwa kuchacha. Damu ikikatika, ATP inaisha, pampu zinasimama, sodiamu na maji vinaingia, seli inavimba. Figo yenye joto la mwili ikikaa bila damu nusu saa mpaka saa moja inaanza kuharibika vibaya.

Sasa fikiria daktari anayetaka kuitoa figo kwa mtu mmoja na kuiweka kwa mwingine.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa ushonaji. Mishipa ya damu ikiungwa ovyo inavuja au inaziba. Mfaransa Alexis Carrel alikwenda kujifunza sindano kwa mwanamke mtarizi wa mji wa Lyon, na mwaka 1902 akatoa njia yake: vuta mdomo wa mshipa kwa nyuzi tatu mpaka uwe pembetatu, halafu shona upande mmoja mmoja, maana mstari ulionyooka ni rahisi kuliko duara. Alipewa Nobeli mwaka 1912. (Wavulana mnaocheka somo la ushonaji, mmesikia?) Tarehe 23 Desemba 1954 huko Boston, Marekani, Joseph Murray na wenzake walipandikiza figo kutoka kwa Ronald Herrick kwenda kwa Richard, pacha wake wa kufanana, na figo ikafanya kazi. Kwetu Tanzania ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, madaktari wetu wakishirikiana na wenzao wa India. Mwezi Machi 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa ushirikiano na Wajapani. Kabla ya hapo mgonjwa alipelekwa nje ya nchi, hasa India.

Mtoaji ni ndugu aliye hai. Mara nyingi huchukuliwa figo ya kushoto, kwa sababu mshipa wake wa vena ni mrefu na unampa mshonaji nafasi. Daktari anaiachanisha figo polepole, kila kitu kimeandaliwa, kisha anabana ateri, anabana vena, anakata. Saa inaanza kuhesabu hapo.

Figo inawekwa haraka kwenye bakuli la barafu, na kupitia ateri yake wanapitisha maji maalum ya baridi, kama nyuzi 4 za Selsiasi, mpaka damu yote itoke na figo ipauke. Kwa nini baridi? Kila joto likishuka nyuzi 10, shughuli za seli zinapungua karibu nusu. Figo haikufundishwa kuishi bila oksijeni kama bakteria. Inachofanyiwa ni kupunguziwa njaa. Na yale maji si maji tu. Aina nyingi zina potasiamu nyingi kama ilivyo ndani ya seli, ili pampu zikisimama kusiwe na tofauti kubwa ya kukimbilia, pamoja na vitu visivyopenya kwenye seli, vinavyoyazuia maji yasiingie na kuivimbisha.

Chumba cha pili mgonjwa ameshalazwa, amepewa nusu kaputi. Watu wengi hudhani figo mbovu zinatolewa na mpya inakaa mahali pake. Hapana. Za zamani kwa kawaida huachwa huko huko nyuma mgongoni, na mpya inawekwa mbele, chini ya tumbo, mara nyingi upande wa kulia. Pale mishipa mikubwa inayokwenda mguuni iko karibu na kibofu kiko jirani. Kwa kawaida vena inaunganishwa kwanza, ubavuni mwa vena ya mguu, halafu ateri. Uzi ni mwembamba mno, na kazi hiyo huchukua kama nusu saa au zaidi kidogo, huku figo ikizungushiwa kitambaa chenye barafu kwa sababu mwili wa mgonjwa unaipasha moto.

Kisha vibanio vinafunguliwa. Figo iliyokuwa imepauka inageuka rangi ya waridi na kuwa ngumu, na mara nyingi mkojo unaanza kudondoka pale pale mezani. Wakati huo nao una hatari zake. Oksijeni ikirudi kwa kishindo kwenye seli iliyoikosa, inazaa chembe kali zinazounguza seli yenyewe. Ajabu ni kwamba chembe za namna hiyo ndizo zinazowaua wale bakteria wasiovumilia hewa kabisa, kwa kuwa hawana vimeng'enya vya kutosha vya kuzizima. Seli zikiumia sana figo "inalala" siku kadhaa, hata wiki, na mgonjwa anaendelea kusafishwa damu kwa mashine mpaka iamke.

Mwishoni mrija wa mkojo unaingizwa kwenye kibofu. Hautobolewi tu na kushonwa. Unapitishwa kwanza chini ya misuli ya kibofu kama handaki fupi. Kibofu kikibana, handaki linabanwa, mkojo haurudi juu. Kijirija cha plastiki huachwa ndani kwa wiki kadhaa, kisha hutolewa.

Kutoka Kasulu hadi Dodoma ni safari ya siku nzima kwa basi, na siku moja anayeulizwa kama yuko tayari kutoa figo anaweza kuwa wewe, kwa ajili ya kaka au mama. Utapimwa damu, figo zote mbili, presha na sukari, na kuulizwa faraghani kama umeamua mwenyewe. Una haki ya kusema hapana. Mwenye afya anaishi vizuri na figo moja. Aliyepokea, yeye atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo kila siku, kwa muda wote figo hiyo itakapokuwa inafanya kazi.

Dawa hizo zinapunguza kinga, na hapa ndipo wanaporudi wale bakteria wa nitreti. Anayesababisha sana maambukizi ya njia ya mkojo, yale ambayo mtaani tunayaita UTI, anaitwa E. coli, mkazi wa utumbo. Mkojo wa kawaida una nitreti. Yeye akiwemo anaigeuza nitriti. Kile kijiti chenye vipande vya rangi wanachochovya kwenye mkojo wako zahanati kinaitafuta nitriti hiyo. Ikiwepo, kipande kimoja kinageuka waridi. Inahitaji mkojo uwe umekaa kibofuni saa kama nne, kwa hiyo wa asubuhi ndio mzuri, na kijiti kisipobadilika rangi haina maana kwamba hakuna ugonjwa, maana si bakteria wote wanaojua ujanja huo. Ukikojoa kwa maumivu, ukapata homa na mgongo unauma ubavuni, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Usimeze vidonge vilivyobaki vya dada. Bakteria wakipanda mpaka kwenye figo wanaweza kuiachia makovu. Kwa aliyepandikizwa ni jambo zito zaidi, ndiyo maana kila anaporudi kliniki kikopo cha mkojo kinamngoja mezani.