Kura Chache za New York

Wengi husema: “Kura yangu moja yafaa nini?” Na viongozi wengine hudhani kwamba neno likisha kutamkwa hupita kama upepo. Mambo yaliyotukia katika jimbo la New York, Marekani, mwaka 1884, yawajibu wote wawili.

Walioshindania Urais hasa walikuwa James G. Blaine wa chama cha Republican, na Grover Cleveland wa chama cha Democratic, Gavana wa New York. Yafaa kujua kwamba Rais wa Marekani hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima. Kila jimbo lina wajumbe wake wa kumchagua, na aliyeongoza New York, hata kwa kura chache, alijipatia wajumbe wote 36.

Blaine, ambaye mama yake alikuwa Mkatoliki, alitumaini kuungwa mkono na Wakatoliki wengi wenye asili ya Ireland. Lakini tarehe 29 Oktoba, siku sita kabla ya uchaguzi, wachungaji wa Kiprotestanti walimlaki katika hoteli moja mjini New York. Mmoja wao, Samuel Burchard, akawaita wapinzani chama cha ulevi, cha dini ya Roma na cha uasi. Blaine hakuyakanusha papo hapo. Wapinzani wakayachapa maneno yale na kuyatawanya upesi. Alipokuja kuyakana, yalikuwa yamekwisha kuenea.

Katika kura zaidi ya milioni moja za jimbo lile, Cleveland alishinda kwa kura zisizofika 1,200. Akapata Urais kwa wajumbe 219 dhidi ya 182. Kama wale 36 wangalimwendea Blaine, yeye angalikuwa na 218, na Cleveland 183.

Haki yatutaka tuseme kwamba zilikuwapo sababu nyingine pia. Blaine alishutumiwa rushwa, na John St. John wa chama cha kupinga pombe alipata humo kura kama 25,000. Basi hakuna awezaye kuapa kwamba neno lile peke yake ndilo lililomwangusha. Lakini penye tofauti ndogo hivyo, kila jambo lina uzito.

Hapa twapata mafundisho mawili. Kwanza, dini ya jirani isifanywe silaha ya siasa. Na kiongozi anyamazaye wengine wakitukanwa mbele yake, kimya chake huhesabiwa kuwa kibali. Pili, mwenye kura asiidharau. Watu mia sita tu, kama wangalibadili nia, wangaligeuza mambo ya taifa zima. Haba na haba hujaza kibaba.