Mita ya biashara ikibadilishwa: piga picha namba kabla fundi hajagusa waya

Leo siongelei riba wala makato ya kutuma. Naongelea hela inayopotea kabla hujafika hata kwa wakala, na inapotea ukutani, kwenye boksi la mita.

Najua kuna atakayesema, mimi nafanya kazi za ndani, mita ya biashara inanihusu nini? Inakuhusu. Wengi wenu mmeshachanga kwenye chama mkafungua saluni, jiko la chakula, au gereji ya kuchomelea. Wengine mmejenga fremu nyumbani na mnazipangisha mkiwa huku huku. Siku mita ya zamani inatolewa na mita janja inawekwa, hesabu moja inafungwa na nyingine inafunguliwa, na mara nyingi anayeandika namba zote mbili ni fundi mwenye haraka.

Nawasaidia kutunza vitabu kina dada watatu wenye jiko la chakula hapa Bluff, upande wa kusini wa bandari ya Durban. Wawili kati yao mchana bado wanafanya kazi majumbani. Mwenye jengo ananunua umeme kwa manispaa ya eThekwini, halafu anawagawia wapangaji kwa mita zake mwenyewe. Mpangilio huu ni wa kawaida sana kwa wageni, maana akaunti ya umeme inabaki kwa jina la mwenye jengo. Mita yao ilikuwa ile ya sahani inayozunguka, boksi limeliwa na kutu kwa chumvi ya bahari. Siku moja akaja fundi, akabadilisha, dada mmoja akasaini karatasi bila kuisoma. Mafuta yalikuwa jikoni, jamani, nani atasoma?

Bili iliyofuata ilikuja na mistari miwili, wa mita ya zamani na wa mita mpya. Wa mita mpya haukuwa na neno. Wa mita ya zamani ulisema hivi: namba ya mwezi uliopita 47,500, namba ya kufungia 49,316. Yuniti 1,816 kwa muda usiofika mwezi, kwa jiko lililokuwa likiandikiwa yuniti 600 hivi. Kwa bei ya randi 3 kwa yuniti (naiweka namba nzima ili hesabu iwe nyepesi) ni randi 5,448. Weka VAT ya asilimia 15, inakuwa randi 6,265.20.

Nikiri kitu. Mimi mwenye digrii ya biashara nilishaanza kuwaambia waombe kulipa kwa awamu. Karatasi ina sahihi yao, ningebisha vipi? Mmoja wao alishampigia mama yake simu kwamba mwezi huu ada ya mtoto haitatumwa. Aliyetuokoa ni yule mdogo. Siku ya fundi alimpigia mume wake picha ya mita zote mbili, akaituma WhatsApp na maneno "tumepata mpya". Tukaivuta picha: mita ya zamani inasema 48,316. Fundi aliandika 9 mahali pa 8.

Piga hesabu upya: 48,316 toa 47,500 ni yuniti 816. Mara 3 ni randi 2,448, na VAT ni randi 2,815.20. Tofauti ni randi 3,450, kwa tarakimu moja tu. Ofisi ya mwenye jengo ilikataa kwanza, ikasema mita ya zamani imeshatupwa. Picha yenye tarehe, na namba ya mita ikionekana, ndiyo iliyowageuza. Tulisubiri wiki tatu. Kiasi tusichobishania tulikilipa kwa wakati, na kwa maandishi tukasema kilichobaki tunakibishia. Fanyeni hivyo siku zote, maana ukikataa kulipa bili yote unampa mtu sababu ya kukukatia.

Kwa hiyo siku ya kubadilisha mita, kabla umeme haujazimwa, piga picha. Nasema kabla kwa sababu mita za kioo zikikosa umeme namba zinaweza kufutika usoni, ukabaki unapiga picha ya plastiki. Namba ya mita yenyewe ionekane, na namba ya yuniti ionekane. Mita mpya nayo ipigwe ikishawaka. Usishangae ikianza na 3 au 5 badala ya sifuri, inaweza kuwa ilijaribiwa kiwandani, ila namba hiyo iandikwe. Soma karatasi ya fundi namba moja moja ukilinganisha na picha. Kama hamkubaliani, andika namba unayoiona wewe pembeni ya sahihi yako. Kama mita ya zamani ilikuwa ya kulipia kabla, yuniti zilizobaki ziandikwe pia, ni hela yenu hizo. Na fundi asipewe pesa taslimu mkononi, hata akisema ni ya sili.

Kwa wenye matumizi makubwa, kama gereji ya kuchomelea au kiwanda cha matofali, kuna namba moja zaidi: kizidisho. Mzigo ukiwa mkubwa, umeme wote haupiti ndani ya mita. Waya mkubwa unapita ndani ya duara ambazo mafundi huziita CT, na mita inapokea sehemu ndogo tu. Duara likiandikwa 200/5, kizidisho ni 40. Mita ikitembea 150, umetumia yuniti 6,000. Sasa fundi akiweka duara za 200/5 na ofisini wakaandika 300/5, kizidisho kinakuwa 60 na bili inasoma yuniti 9,000. Kosa hili halionekani mwezi mmoja, linajirudia kila mwezi, na hakuna atakayekuja kukuambia. Piga picha maandishi ya kwenye duara, linganisha na kizidisho kilichoandikwa kwenye bili.

Turudi kwa kina dada. Baada ya kosa kurekebishwa walitegemea bili ishuke. Haikushuka, ilipanda. Mita ya zamani ilikuwa haisomwi kila mwezi, yuniti 600 zilikuwa makadirio. Mita janja ilionyesha wanatumia 780. Yuniti 180 zaidi kwa randi 3 ni randi 540, na VAT randi 621 kila mwezi. Hapa hakuna wa kulaumiwa. Mita janja haipunguzi bili, inasema ukweli. Bei ya sahani ya wali ilikuwa imepangwa kwa umeme wa kukisia, na faida waliyokuwa wakigawana sehemu yake haikuwepo. Tuliwaza kupandisha bei. Kwanza tukaomba mchoro wa matumizi ya kila nusu saa, ambao mita hizi hutunza. Saa nane usiku, jiko limefungwa, friza halipumziki hata kidogo. Mpira wa mlango ulikuwa umechoka. Ukabadilishwa.

Jambo jingine la mita janja ni kwamba inaweza kuzimwa kutoka ofisini. Hakuna fundi mlangoni wa kumbembeleza asubiri hadi jioni. Ndiyo maana nawaambia wenye biashara waweke bili ya mwezi mmoja pembeni, isiguswe hata kama kuna msiba. Na kwa walio kwenye bei zinazobadilika kwa saa, kumbukeni kwamba Juni, Julai na Agosti umeme wa saa za asubuhi na jioni Afrika Kusini huwa ghali kuliko miezi mingine. Kulehemu kunaweza kuhamia mchana. Wali wa jioni hauwezi.

Sasa nyumbani. Tanzania, mita ya nyumba inayotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi iko kundi la D1, na kwa bei za EWURA za 2016 yuniti ilikuwa Sh 100. Matumizi ya kawaida, yaani T1, ilikuwa Sh 292, zote kabla ya VAT. Unaona kinachotokea mdogo wako akiweka friza la barafu na soda kwenye mita ya mama. Nyumba inatoka D1, mama anakupigia anasema LUKU inaisha haraka, wewe unaongeza hela ya kutuma, na biashara ya barafu inaonekana ina faida kwa sababu umeme wake unalipa wewe. Fremu ziwe na mita yake. Gharama ya kuunganisha inauma mara moja tu.

La mwisho ni nyumba zilizofungwa. Mita za tokeni za tarakimu 20 zilitumia tokeni zenye hesabu ya dakika tangu 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilijaa 24 Novemba 2024. Afrika Kusini, Kenya na Tanzania zote zililazimika kuziweka upya kwa tokeni maalumu. Kama nyumba au fremu yako ilikuwa tupu kipindi kile, inawezekana mita haikuguswa na itakataa tokeni mpya. Usitume hela ya umeme wa miezi mitatu. Tuma ya yuniti chache kwanza, mtu aingize, akupe picha ya mita imekubali. Ikikataa, aende ofisi ya shirika la umeme na namba ya mita, na kama wakiamua kuibadilisha, awe na simu yenye chaji siku fundi atakapokuja.