Buibui wa Kifuniko: Je, Nyumba Hutambulisha Ukoo?

Mwanafunzi wa Mukendo, mjini Musoma, akichunguza kingo za udongo wakati wa mvua, huenda akaona duara dogo lililochorwa ardhini. Akiliinua kwa ncha ya unyasi, hufunuka kama mlango wenye bawaba. Chini yake mna shimo lililotandikwa hariri. Humo ndimo aishimo buibui wa kifuniko.

Jenasi Idiops, mojawapo ya jenasi za buibui hawa, ilielezwa mwaka 1833 na Maximilian Perty kutokana na spishi ya Brazil. Spishi nyingine zimepatikana Asia na Afrika, Afrika Mashariki ikiwemo.

Kwa muda mrefu wataalamu waliwaweka wajenzi wengi wa vifuniko katika familia moja, Ctenizidae. Lakini popo na mbayuwayu wote huruka, wala si ndugu. Vivyo hivyo, kifuniko peke yake hakithibitishi ukoo. Mwaka 1985 Robert Raven wa Australia alilinganisha maumbile ya buibui hao, akaipandisha Idiopidae, ambamo Idiops imo, kuwa familia kamili.

Dalili za kutazamwa ni hizi:

1. Meno ya sumu hulala sambamba na kuelekea chini. Hiyo ni alama ya kundi zima la Mygalomorphae.

2. Taya zina miiba migumu ya kuchimbia. Familia nyingine pia zinayo, hivyo haitoshi.

3. Kati ya macho manane, mawili yako mbele kabisa, ukingoni mwa gamba la kichwa. Sita yamekusanyika nyuma. Hii ndiyo alama ya Idiops na jenasi za jirani zake.

Je, ili kuyaona macho hayo, shimo lifukuliwe? La. Dume akipevuka huliacha shimo kutafuta jike, kisha hufa baada ya muda mfupi. Dume aliyeokotwa amekufa hutosha kwa somo. Jike hubaki shimoni maisha yake yote. Huko Australia jike mmoja wa familia hii, wa spishi Gaius villosus, alifuatiliwa na Barbara York Main kuanzia mwaka 1974. Alipokufa mwaka 2016 alikuwa na umri wa miaka 43. Pigo moja la jembe laweza kumwua kiumbe aliyemzidi umri mwalimu wa darasa.

Zoezi: Chora mpangilio wa macho ya Idiops. Eleza kwa nini kifuniko hakitoshi kuwa msingi wa uainishaji.