Dondoo muhimu: Kuandika mwongozo wa kujenga mhusika

Mfano wetu ni Path of Exile, mchezo wa kompyuta uliotoka New Zealand mwaka 2013. Mti wake wa ujuzi una viduara zaidi ya 1,000 vya kuchagua. Mgeni akiufungua tu, anachoka.

• Anza na namba ya toleo. Mchezo hubadilishwa kila baada ya miezi michache, na mwongozo uliopitwa na wakati humpotezea mtu wikendi nzima.

• Panga kwa hatua. Msomaji yuko kiwango cha 12, ana upinde wa kuokota. Ukimwonyesha mhusika wa kiwango cha 95 aliyevaa Mageblood, mkanda ambao wengi hawatawahi kuumiliki, hujamsaidia. Mwambie pointi zake 20 za kwanza ziende wapi, kisha 20 zinazofuata. Mtahadharishe pia kuhusu adui mkuu Kitava: msomaji akimuua mwishoni mwa sura ya 5, kinga za mhusika wake dhidi ya moto, baridi na radi zinashuka kwa asilimia 30, na mwishoni mwa sura ya 10 zinashuka 30 nyingine. Kikomo cha kawaida cha kinga hizo ni asilimia 75. Wengi hufa baada ya hapo wakidhani mwongozo ni mbovu. Na kweli ni mbovu, kama haukuwaambia.

• Toa sababu. Ukisema "vaa pete hii" bila kueleza kwa nini, akiikosa hajui aweke nini badala yake.

• Taja udhaifu. Mwongozo unaodai mhusika anapiga sana, hafi na hana gharama, mimi siumalizi.