Nyoka Mgeni Katika Chumba cha Sayansi

Na Mwalimu wa Biolojia

Wengi wenu mmekwisha kumwona nyoka wetu katika chumba cha sayansi, na wengi zaidi mmeuliza habari zake. Wazazi nao, walipokuja Siku ya Wazazi, waliuliza swali moja tu: "Mwalimu, kwa nini mnamfuga adui?" Swali hilo ni la haki, na nitalijibu mwishoni. Kwanza nataka kueleza jinsi mgeni wa namna hii anavyosaidiwa kuyazoea makao mapya. Sisi wenyewe tulikosea mwanzoni, na kosa lile nusura limwue.

1. Mgeni mwenyewe

Huyu ni nyoka wa nyumba, wa jamii ambayo wataalamu huiita Boaedon. Rangi yake ni ya kahawia, na akipigwa na mwanga ngozi yake hung'aa kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Kila upande wa kichwa ana mistari miwili iliyofifia, na mmoja wao hupita penye jicho. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Humkamata panya kwa meno, akamzungushia mwili na kumbana hata afe, kama afanyavyo chatu, kisha humeza mzima. Hutembea usiku. Mchana hujificha chini ya mawe na mabati, au ghalani, maana ndiko panya waliko. Wetu ni jike. Urefu wake ni sentimita 78, na uzito wake siku ya kwanza ulikuwa gramu 140.

Alipatikana Mombo, katika ghala la mahindi, mwezi Julai mwaka huu. Mwenye ghala alikuwa amekwisha kuinua jembe, kisha akaghairi, akamfunika kwa pipa na kuwaita maafisa wa wanyamapori. Sisi tulikuwa tumekwisha kupewa kibali cha kumweka nyoka asiye na sumu kwa ajili ya masomo. Angalieni sana jambo hili: nyoka ni mnyamapori kama swala alivyo, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata wala kufuga mnyamapori bila kibali. Tena aliyemkamata ni mtu aliyefundishwa kazi hiyo, si mwanafunzi, wala si mimi.

2. Kosa letu

Siku ya kwanza tulimweka katika sanduku la kioo juu ya meza, mahali penye mwanga, pasipo na kitu cha kujificha. Kidato cha Kwanza wakaja kumtazama, kisha cha Pili, kisha cha Tatu, na kila mtu akagonga kioo. Siku ya pili tukampa panya. Jioni ile akamla, nasi tukapiga makofi. Asubuhi ya siku ya nne tulimkuta panya yule ametapikwa, nusu yake imelainika, ananuka. Nyoka alikuwa amejikunja pembeni, baridi kama jiwe.

Sababu ni nini? Mombo iko chini ya milima, na Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Barabara ile ya kona ni zaidi ya kilomita 30 tu, lakini mgeni wetu alipandishwa karibu mita 1,000. Mmejifunza katika jiografia kwamba kila upandapo mita 1,000 joto hupungua kadiri ya digrii 6. Zaidi ya hayo ulikuwa Julai, na ninyi mnajua Julai ya Lushoto ilivyo.

Sasa kumbukeni kwamba nyoka hajitengenezei joto la mwili kama sisi. Hulipata kwa jua, kwa jiwe au kwa ardhi. Akipoa, tumbo lake haliwezi kuyeyusha chakula. Nyama huanza kuoza ndani, na mwili huitapika ili ujiokoe. Nyoka atapikaye mara kwa mara hudhoofika na kufa. Hofu nayo huleta kutapika. Kwa hiyo tulikuwa tumemtesa mara mbili, kwa baridi na kwa makelele.

3. Jinsi ya kumtuliza mgeni

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Kwa nyoka maneno hayo hayafai kabisa. Siku ya tatu, na hata ya saba, bado ni mgeni. Tulianza upya kwa utaratibu ufuatao.

Sanduku. Fundi alitutengenezea sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 80, upana 40 na kimo 40. Mbele kuna kioo, matundu ya hewa ni madogo kuliko kidole, na kifuniko kina komeo na kufuli. Nyoka hupita mahali pote panapopita kichwa chake. Chini tulitandika magazeti, maana hubadilishwa kwa urahisi. Maranda ya mbao yenye harufu kali, kama ya mwerezi, hayafai, kwa kuwa mafuta yake hudhuru mapafu.

Joto. Upande mmoja hutiwa joto na upande wa pili huachwa, ili nyoka achague mwenyewe. Upande wa joto tulipima digrii 29, na upande wa pili digrii 23. Tulitumia balbu ya kizamani ya wati 40, kwa kuwa hizi mpya hazitoi joto la kutosha, tukaizungushia wavu wa chuma asije akaungua. Usiku umeme ukikatika, mwanafunzi wa zamu huweka chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa. Kipimajoto ndicho kisemacho kweli, si mkono.

Maficho. Tuliweka vyungu viwili vilivyovunjika, kimoja upande wa joto, kimoja upande wa baridi. Akiwa na kimoja tu, atalazimika kuchagua kati ya joto na usalama, na aghalabu atachagua usalama apate baridi. Maficho yawe ya kumbana kidogo. Nyoka huona amani mwili wake ukigusa ukuta pande zote.

Maji. Bakuli zito lisilopinduka, maji safi kila siku.

Kimya. Nyoka hana masikio ya nje, lakini hupata mitikisiko kwa mifupa ya taya lake. Kila mgongo wa mlango na kila goti ligongalo meza ni habari kwake. Tuliondoa sanduku mezani, tukaliweka pembeni, tukafunika kioo kwa kitambaa. Kwa siku kumi na nne hakuna aliyemgusa wala kumfunulia, ila wa zamu ya maji. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Mtu akipenda kitu hutaka kukishika. Lakini nyoka hajui kubembelezwa. Wema wa kwanza kwake ni kumwacha.

Chakula. Kwa kawaida nyoka mgeni hupewa chakula baada ya siku saba hivi. Wetu, kwa kuwa alitapika, alingoja siku kumi na nne. Tulimpa panya mweupe mdogo, mmoja wa wale tunaowazalisha wenyewe, naye alikuwa amekwisha kuuawa. Panya aliye hai humng'ata nyoka, na panya wa mitaani huenda amekula sumu au ana ugonjwa. Unene wake usizidi sehemu ya mwili wa nyoka iliyo nene kuliko zote. Tulimweka jioni, tukafunika kioo, tukaondoka. Asubuhi panya alikuwa pale pale. Tukamtoa, tukangoja juma zima. Mara ya pili tena hakumgusa, na baadhi yenu mkaanza kusema atakufa. Nilikuwa na wasiwasi mimi pia, lakini mizani ilionyesha amepungua gramu 4 tu. Nyoka mzima mwenye afya na maji aweza kukaa majuma mengi bila kula. Mara ya tatu, asubuhi, panya hakuwapo. Safari hii hapakupigwa makofi. Aliachwa siku mbili kamili, wala hakutapika.

Kujivua gamba. Mwezi uliofuata macho yake yaligeuka kuwa kama yana ukungu. Si upofu, ni gamba la zamani linaachana na jipya. Wakati huo haoni vizuri, huwa mwoga, na hukataa chakula. Tulimwekea kichuguu cha nyasi mbichi ndani ya chungu kimoja, naye akajivua gamba zima kama soksi. Gamba hilo limetundikwa ukutani.

Kila amshikaye au asafishaye sanduku sharti aoshe mikono kwa sabuni, maana nyoka hubeba vijidudu viletavyo kuhara.

4. Onyo

Asiwepo mtu atakayesoma makala haya akaenda msituni kutafuta nyoka wake. Katika milima yetu ya Usambara wako kifutu, swila na wengine wenye sumu kali. Yuko pia nyoka mwembamba wa mitini, afananaye na kijiti kikavu, aitwaye Thelotornis usambaricus kwa jina la milima hii. Mwaka 1975 Robert Mertens, mtaalamu mkubwa wa Ujerumani aliyesoma habari za nyoka maisha yake yote, aling'atwa na nyoka wa jamii hiyo aliyemfuga mwenyewe, akafa baada ya siku 18. Ikiwa yeye alikufa, mwanafunzi ajihadhari. Mtu aking'atwa asikatwe, asifungwe kamba, wala asinyonywe jeraha. Atulizwe, asitembee, apelekwe hospitali upesi.

5. Jibu kwa wazazi

Wazee wetu wa Lushoto hawahitaji kufundishwa madhara ya panya. Mwaka 1980 tauni ilizuka katika wilaya hii, ikarudi tena na tena kwa zaidi ya miaka 20. Maelfu waliugua, na mamia walikufa. Ugonjwa ule huletwa na viroboto wa panya. Sisemi kwamba nyoka ni dawa ya tauni. Dawa ni usafi, ghala zuri, na kutoa habari upesi panya waonekanapo wamekufa ovyo. Lakini nyoka wa nyumba hula panya usiku kucha bila mshahara, nasi humlipa kwa jembe la kichwa kwa sababu hatukujua kumtofautisha na wengine. Basi tunamfuga ili tumjue.

Kibali chetu kitakwisha mwezi Desemba, naye atarudishwa Mombo kule kule alikotoka. Mwenye ghala amekubali kumpokea. Majirani zake bado, na wanafunzi wanne watokao Mombo wameahidi kwenda kuzungumza nao wakati wa likizo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini nyoka aliyepata baridi hutapika chakula?
2. Eleza kwa nini sanduku linahitaji maficho mawili, si moja.
3. Mahali fulani pana mita 400 juu ya bahari na joto la digrii 27. Kadiria joto la mahali penye mita 1,400.
4. Waulize wazee wa kwenu wanakumbuka nini juu ya tauni, ukaandike ukurasa mmoja.